Farasi Uliyemuuza Karatu

Masasi

Kaka Paskali,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini goti la mama limepata nafuu na mahindi ya shambani Qurus yamepata mvua. Mimi ni mzima. Wewe sikuulizi hali; nasikia unaendesha gari jipya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatisha.

Unajua nilisafiri siku mbili kuja kwenye mashindano ya chesi hapo Karatu. Unajua pia kwamba kwa miezi, nikishasahihisha kazi za wanafunzi, nilikaa na ubao nikichambua njia moja tu: natoa farasi bure mbele ya mfalme wa mpinzani. Akimla, malkia wangu anaingia na mfalme hana pa kujificha. Akikimbia, nampokonya askari wawili. Jibu moja ndilo lililonishinda: asimle, asikimbie, asogeze askari wa pembeni hatua moja. Hilo niliandika daftarini kwa wino mwekundu, “Sijapata dawa.” Nilikuonyesha mwenyewe, mezani kwa mama, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha kete zinavyotembea.

Mchezo wa mwisho nikapangwa na Bwana Lohay, yule mwenye magari ya watalii. Mshindi angekwenda mashindano ya taifa. Kila hatua mzee yule alifikiri mpaka watu wakapiga miayo. Nilipotoa farasi, hakufikiri hata kidogo. Alisogeza askari wa pembeni, akaegemea kiti. Hatua tisa baadaye nikalaza mfalme wangu, nimekubali yaishe. Tulipokuwa tunaurudia mchezo ubaoni, akaniuliza kwa upole kabisa:

“Mwalimu, ile ya wino mwekundu bado hujaipatia dawa?”

Nikaanza kukusanya kete. Watu walidhani naumia kwa kushindwa.

Wiki iliyofuata mama akanipigia kwa furaha kwamba umepata kazi kwa Bwana Lohay, unapeleka wageni kreta kutazama wanyama. Nilipokuuliza, hukukana. Ulisema ulilipiga picha daftari langu nilipokuwa misani, halafu ukaongeza, “Ni mchezo tu, Yustina. Kazi ni maisha.”

Kama ni mchezo tu, mbona ulitosha kukupatia kazi? Najua umehangaika miaka mingi na leseni yako mfukoni. Ungeniambia, ningekwenda kwa Bwana Lohay nikakuombea kwa mdomo wangu, na pengine angekuchukua. Hukuniambia. Uliingiza mkono kwenye mkoba wangu nikiwa nasali.

Dawa nimeipata juzi. Humu siiandiki, na daftari nalifungia kabatini shuleni.

Nisalimie shemeji Agnesi, ambaye sina neno naye, na baba mdogo wa Endabash. Mwambie dawa zake za kifua nitazituma kwa basi. Pasaka siji. Mama akiuliza sababu, mweleze wewe, ukiwa umekaa mbele yake unamtazama usoni. Jumapili nitampigia nimuulize umemwambia nini.

Mdogo wako kwa damu,
Yustina