Kura ya Dada Kezia

Trenton, New Jersey
17 Novemba 1807

Dada yangu mpenzi Kezia,

Kabla ya yote nakujulia hali. Je, mguu umepata nafuu, au bado unapanda ghalani kwa ile ngazi mbovu niliyokukataza? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Nyumba ya wageni imejaa wabunge, tunalala wawili kitanda kimoja, na mwenzangu huanza kukoroma kabla hajamaliza kuvua viatu. Chakula ni nyama ya nguruwe ya chumvi asubuhi na jioni, hata nimeitamani supu yako ya maharagwe.

Hiki ni kikao changu cha tisa, na siku hizi nakumbuka sana tulikotoka. Bila wewe ningekuwa nakwangua ngozi za ng'ombe hadi leo. Mama alipotutoka ulikuwa na miaka kumi na minne. Ukanilea, ukanifundisha kusoma Biblia, na kila nilipokosea ulinigonga vidole kwa kijiko. Niliposema nataka kugombea, watu walicheka kwamba mtengeneza ngozi ataingia bungeni na harufu yake. Wewe, mjane wa mwaka mmoja tu, ukafunga farasi, ukampakia Bi Tabitha na wajane wengine wawili, mkaenda maili sita kwenye tope kunipigia kura. Karani akauliza kwa kejeli kama mmeleta siagi ya kuuza. Ukamjibu kwamba mmekuja kumchagua mtu atakayempunguzia mshahara. Nilishinda kwa kura tatu.

Na tangu hapo nimefanya nini? Nimeleta sheria ya mbwa wanaoua kondoo, na barabara ya kwenda kwenye kinu. Daraja nililoahidi bado ni maneno. Kama ni kazi ya maisha ya mtu, haijazi hata kikapu.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana kuichelewesha hakuipunguzi. Mwaka huu kulikuwa na uchaguzi uliochafuka vibaya. Watu walipiga kura mara mbili mbili, na wanaume wengine walivaa magauni ili warudi tena. Wakubwa wa chama chetu wakaamua kwamba dawa ni kuwaondoa wanawake kwenye kura, yaani ninyi wajane na wasio na waume mnaomiliki mali, pamoja na watu weusi walio huru, wabaki wanaume weupe walipa kodi peke yao. Basi kosa la wanaume waliovaa magauni likawaangukia wenye magauni. Na Jethro mhunzi, mtu mweusi aliyelipa kodi yake miaka yote bila kukumbushwa, hakuvaa gauni la mtu.

Nilimwendea kiongozi wetu wakati wa chakula, nikamwambia moyo wangu unasita. Akanipiga bega kwa upole, akasema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Sheria itapita nikiwapo au nisipokuwapo, ila atakayesimama peke yake asishangae uchaguzi wa Oktoba ukifika akikosa jina lake kwenye orodha ya chama. Nikahesabu vichwa ukumbini. Alisema kweli. Wa upande wangu hawakuzidi watano, na wawili kati yao ni viziwi.

Ingeishia hapo, ningekuandikia kwamba nilishindwa, nawe ungenielewa. Lakini haikuishia hapo.

Katika mjadala alisimama Bwana Lockwood, yule mwenye mashamba ya tufaha, akasema mwanamke hana kura. Mjane huandika anachoambiwa na kaka yake. Akasema mtu amtajie mjane mmoja tu aliyewahi kumkatalia kaka yake, naye atamnywesha pombe ya tufaha mpaka Krismasi. Ukumbi ukacheka. Akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote, "Haya Pennock, si una dada mjane? Au huyo hupiga kura kwa akili zake?"

Dada, nilikuwa na jibu mdomoni. Miaka minne iliyopita, nilipomruhusu mwenye kinu akizibe kile kijito na samaki wakaacha kufika kwako, ulikuja kwangu siku moja kabla ya uchaguzi, ukakaa jikoni, ukaniambia ana kwa ana kwamba hutanichagua. Hukunichagua. Kisha ukala nasi chakula kama kawaida. Sikumwambia mtu yeyote habari hiyo, kwa aibu ya kuwa mtu aliyekataliwa na dada yake.

Nilimjibu Lockwood kwamba dada yangu hufanya ninavyomwambia. Wakacheka tena, nami nikacheka nao. Jina langu lilipoitwa nikasema ndiyo.

Sheria ingepita vilevile. Hilo najiambia kila ninapoamka, na halinisaidii. Sikuwa na uwezo wa kuizuia. Uwezo wa kusema ukweli juu yako nilikuwa nao, na sikusema.

Nisalimie Bi Tabitha, usimsomee barua hii. Jethro mwambie wewe mwenyewe, mimi sina uso wa kumwandikia. Mungu akulinde na baridi.

Oktoba ijayo jina langu litakuwa kwenye orodha, wameniahidi. Katika kata yetu nzima ni wewe tu uliyewahi kunikatalia usoni, na sasa huwezi tena.

Ni mimi mdogo wako,
Asher Pennock