Diski Uliyotuma Imekaa Mahali Pake

Ushirombo,
Shinyanga.
14 Juni 1998.

Mpendwa mdogo wangu Suzana,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Huko Gaborone hamjambo? Shemeji Donatus na wapwa zangu wanaendeleaje? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini hospitalini, umepata nafuu? Sisi tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo cha vumbi la kiangazi, lakini anakula vizuri na misa anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Mvua zilikatika mapema. Mahindi tumepata nusu, mpunga afadhali.

Diski ya laptopu ilinifikia salama, ahsante sana. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kugongagonga kwa ndani, na kompyuta ikichelewa sana kuwaka. Nawe unajua kilichomo: maisha yote ya Mama, alivyonisimulia kwa miaka miwili nami nikiandika.

Niliipeleka kompyuta Shinyanga mjini kwa Pritesh, fundi wa redio na kompyuta. Alitaka niiache dukani wiki moja. Moyo ulikataa, nikamwomba anifundishe nibadilishe mwenyewe. Alicheka, kisha akanichorea kila skrubu kwenye karatasi.

"Mwalimu, kwanza nakili kazi yako yote kwenye disketi," aliniambia. "Halafu zima, chomoa waya, toa betri. Ukifika kwenye pini, vile visindano vya kuungia diski, usitumie nguvu. Zikipinda, basi tena."

Sura zilikuwa kumi na moja. Kumi zilikubali kunakiliwa. Moja, ile ya Mama alipoolewa, ilikataa kabisa. Nilijaribu siku mbili, diski ikikwaruza tu, mwisho nikaona nitapoteza muda bure.

Jumatano, jenereta ya misheni ilipowashwa, nilitandika kitambaa cheupe mezani nikaanza. Nina miaka sitini, na sijawahi kufungua hata redio! Niligusa chuma kwanza kama nilivyoagizwa, ili kutoa umeme wa mwilini, nikatoa skrubu nne, nikaivuta diski ya zamani polepole. Mpya ikaingia. Nikafunga, nikawasha. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski.

Jasho lilinitoka, Suzana. Nilijua nimeiua. Wifi yako Mama Damian akaniletea chai, akasema, "Si ulizoea kuwaambia wanafunzi warudie? Rudia na wewe."

Nikazima, nikafungua tena. Kumbe pini hazikuwa zimeingia zote. Nilisukuma kwa vidole gumba viwili, sawasawa pande zote, hadi ikatulia. Safari hii ikatambulika. Kuweka programu kulichukua mchana kutwa, lakini jioni sura kumi zilikuwa ndani, nami nilijiona kijana.

Ikabaki kumwambia Mama kuhusu ile moja. Niliogopa kuliko nilivyoogopa zile pini.

"Mama, sura ya kuolewa kwako imepotea."

"Imepotea vipi, na mimi nipo?" akajibu. "Kaa, andika."

Akaanza upya. Alipofika mwaka wa pili wa ndoa akasema, "Ile mara ya kwanza nilimruka mtu."

Suzana, kabla yangu alizaliwa binti. Aliitwa Apolonia. Homa ilimshika akiwa na miezi saba, Mama akambeba mgongoni kumpeleka misheni, na mtoto akafia njiani. Wazee walimkataza asimtaje tena, ili tumbo lake lisifunge uzazi. Akatii kwa miaka sitini na mmoja.

Nilimwuliza kama niandike. "Mwandike," akasema. "Andika na jina." Akalia kidogo, kisha akaomba uji. Tangu siku hiyo namwona mwepesi.

Sura hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye diski yako. Nitakuchapia nakala.

Msalimie sana Shemeji, na wapwa zangu uwabusu. Mama Damian anakusalimu, Maganga jirani yetu pia. Mungu akutunze wewe na kazi ya mikono yako. Mama anakuombea kila jioni, na siku hizi anataja watoto wake watatu, kwa sauti.

Mimi kaka yako nikupendaye daima,
Valerian