Babu Katika Vipande Saba

Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, nami nitakueleza yote, hata yale ya kunitia aibu.

Marehemu babu yangu alikuwa seremala, na enzi zake aliukata ubao mmoja wa mraba ukawa vipande saba, akatufundisha mchezo wake: panga umbo lolote, ndege, nyumba au mtu, mradi vipande vyote vitumike na kisiwepo cha kupanda juu ya kingine. Mwaka huu, katika chumba cha kompyuta shuleni, niliifundisha kompyuta sheria hiyohiyo, ikawa inapanga yenyewe, umbo baada ya umbo, mengine mazuri hata nikawa nasahau kupumua, maana vipande ni vilevile saba lakini maumbo hayaishi. Siku ya wazazi nikamleta bibi, akaketi mbele ya skrini akinitania kwamba mashine yangu haina breki, kama jirani yetu akianza kusimulia, mara akaisogelea skrini, kwa kuwa pale vipande vilikuwa vimefanya umbo la mzee ameinamia meza ya kazi, bega moja chini.

“Huyo ni babu yako,” akasema.

Papo hapo umbo likapita. Kosa ni langu, kwani kila umbo lina namba ya kuliita tena, nami sikuiagiza kompyuta izihifadhi. Tangu siku hiyo, nikitoka darasani namkuta bibi langoni amevaa nguo yake nzuri, tunaketi mbele ya skrini kungoja umbo lile lirudi, na jana aliniuliza, “Mbona leo anachelewa?” Mimi lile umbo nalikumbuka karibu lote. Nijibu upesi, tafadhali: nikilipanga mwenyewe, nikamwambia bibi kwamba kompyuta imemrudisha babu, nitakuwa nimemfariji au nimemdanganya?

*

Binti yangu, nimeisoma barua yako nikabaki kuutazama ukuta. Vipande saba tu, na mtu mzima akapita humo!

Ila usithubutu kumdanganya. Kompyuta haikumjua babu yako, na wewe hulijui lile bega kama aliyelikanda miaka yote ile. Tena kumngojesha bibi kwenye viti vya shule, ilhali unajua namba imepotea, si adabu. Mwambie ukweli leo, kabla hujavua sare. Kisha mwekee mezani vile vipande vya mbao, ampange babu yako yeye mwenyewe. Kaa kando, na mkono wako usiguse hata akikosea. Akimaliza, linakili umbo lake kwenye kompyuta, na safari hii, mwanangu, hifadhi.