Wapagazi Hawamo Kwenye Droo

Mjukuu wangu Nyamizi,

Shikamoo yako imefika, nami naiitikia marahaba. Hapa Ntalikwa tu wazima. Bibi yako anamenya karanga za mbegu, na mjomba wako wa Ipole ametuletea asali aliyoirina mwenyewe.

Umeniuliza kwa nini ukiandika "warina asali" kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, inakujibu hakuna. Nami nilijibiwa hivyohivyo nikiwa kijana, Tabora mjini. Nilikwenda maktaba kutafuta habari za babu yangu, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani. Enzi hizo kulikuwa na kabati la kadi za vitabu, zimepangwa kwa vichwa vya mada. Nikafungua droo ya W. Wapagazi hawamo. Nikachukua kofia yangu niondoke.

Mkutubi, mama mmoja mpole, akaniuliza, "Babu yako alibeba nini?"

"Pembe."

"Basi tafuta mzigo."

Kweli, chini ya "Pembe za Ndovu – Biashara" palikuwa na vitabu vitatu, na wapagazi wamo ndani yake. Nilifurahi, kisha nikairudia droo ya W. Mzigo ulikuwa na kadi yake. Mabega hayakuwa nayo. Yule mama aliniona. Akachukua kadi tupu, akaandika: "Wapagazi: tazama Pembe za Ndovu." Akaniachia niitie mwenyewe kwenye droo.

Jaribu "Nyuki – Ufugaji". Aliyepanga huenda aliwaza mzinga, hakumwaza anayeupandia mtini. Ukishavipata vitabu, usiondoke kwanza. Mwambie mkutubi wenu kuna watu hawamo kwenye kompyuta yake, na mjomba wako ni mmoja wao.

Babu yako, mjukuu wa mpagazi.