Msanii Amekubaliwa

Baba Najma,

Ukirudi kazini, pilau imo kwenye sufuria, ipashe moto. Umeme ukikatika tumia gesi. Usimwamshe mtoto. Amelia mpaka akachoka, ila si kilio kile cha Desemba.

Desemba, chuo alichokitaka kuliko vyote kilipomkataa, ulisema ukiwa umekaa hapohapo: “Eti chuo cha sanaa! Huo ni usanii mtupu.” Mtoto akasukuma sahani, akaenda kuomba vyuo vingine. Leo alfajiri kapiga ukelele, jirani yetu Hélène kaja mbio na ufagio akidhani tumeingiliwa na mwizi. Eish! Kumbe Najma kakubaliwa chuo cha sanaa kingine, huko Marekani, nacho kitamlipia kila kitu!

~~Usimwambie mdogo wako Luqman kwanza.~~ Mwambie. Tena kwa sauti. Na umweleze kwamba huko watoto wanasoma hesabu, historia na falsafa kwa pamoja, hawaendi kusuka vikapu kama anavyodhani.

Mimi niko sokoni Newtown, nauza huku nacheka peke yangu. Mtoto akiamka, kabla hujamwagiza chai, muombe radhi.

Ni mimi,
Mama Msanii