Gunia Ulilonichagulia

Kapsoya, Jumapili

Mama yangu wa Moi's Bridge,

Tuko wazima. Mjukuu wako Kavetsa ameota jino la pili.

Kazini maabarani tunatafuta sumu ya ukungu kwenye mahindi. Tunatumia chembe za dhahabu zilizopakwa rangi. Tukizimulika, sumu inajitokeza hata ikiwa kidogo sana. Juzi nilihitaji mahindi safi ya kulinganishia, nikabeba ya lile gunia ulilotutumia bila kufikiria mara mbili. Yalikuwa na sumu. Nimepima mara tatu.

Gunia nimelitupa, usikasirike. Lakini Mama, nakujua: mazuri unatutumia sisi watoto, yaliyobadilika rangi unabaki nayo wewe. Usisonge tena ugali wa mahindi hayo. Barua hii inakuja na matatu ya leo; kesho nakuletea mwenyewe unga wa duka, hata ukinuna.

Ni mimi binti yako,
Brigid