Ipo, Subiri Kidogo

Jumatatu, 5 Mei
Dokta Sitara, msimamizi wangu, kanirudishia pendekezo la utafiti. Wino mwekundu kila ukurasa! Niliandika kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo hawakui kwa sababu wanashindana bila kuaminiana — nadharia ndivyo inavyosema. Kaandika pembeni: umewauliza? Asiposaini fomu Ijumaa hii, nasubiri mpaka mwakani. Mwaka mzima! Hata hivyo shangazi Jovitha kapika ndizi nyama, nimekula sahani mbili. Uzamili hausomwi na mwenye njaa.

Jumanne, 6 Mei
Nimepita na dodoso mtaani kwetu. Maduka sita mfululizo, yote mapazia, la shangazi likiwemo. Swali la nne: mshindani wako mkubwa ni nani? Wote wameacha wazi. Nimekasirika kweli. Rajabu, jirani yetu ukuta kwa ukuta, mtu wa Lindi, kacheka tu. Mshindani nani tena, dada Celina, shangazi yako? Huku ananitwisha mapazia ya bluu. Mteja wa shangazi alikuwa anasubiri bluu na sisi hatuna.

Nimebeba. Nimefika dukani, nimempa mteja, nimekaa — ndipo akili ikanirudia. Miaka kumi nawaambia wateja "ipo, subiri kidogo" kisha nakimbilia kwa jirani, leo nauliza washindani! Nimesoma mpaka nimekuwa mjinga. Nimecheka peke yangu hadi shangazi akauliza kama nina homa.

Jumatano, 7 Mei
Sura ya pili nimeiandika upya. Raha! Nimempigia dokta. Kasema hadithi nzuri, ushahidi uko wapi? Atakuja dukani mwenyewe Ijumaa. Mungu wangu.

Alhamisi, 8 Mei
Shangazi na Rajabu wamegombana! Leo, kati ya siku zote! Marobota ya Rajabu yameziba mlango wetu. Shangazi kasema hana adabu, yeye kasema shangazi ana mdomo. Hata chai ya saa nne kila mtu kanywa kwake.

Ijumaa, 9 Mei
Naandikia hapa kaunta. Dokta yupo, kavaa raba, anakunywa soda. Kampa shangazi shikamoo, shangazi kafurahi. Katazama mapazia yote, halafu kaomba rangi ya haradali. Makusudi, najua. Hatuna.

Shangazi hakupepesa macho. "Ipo mwanangu, subiri kidogo." Kisha akaikumbuka jana, nimeona uso wake. Akakaza kitenge, akatoka mwenyewe.

Nawaona kutoka hapa. Rajabu kanuna, mikono kifuani. Hakuna salamu. Shangazi kanyoosha vidole viwili — madirisha mawili. Rajabu anatikisa kichwa. Nimekwisha.

Kumbe hana! Kavaa ndala, bado kanuna, anavuka mtaa kwenda kuitafuta kwenye duka jingine. Na shangazi kakaa kwenye stuli yake Rajabu, anamlindia duka, anamwambia mteja wa Rajabu: ipo, subiri kidogo.

Dokta kaiacha soda. Kasimama mlangoni. Sasa kanigeukia, anaomba kalamu hii. Sijui ni ya kusaini au ya